Vanishi Niliyoichagua Mimi

Nikipita karibu na gereji, harufu ya thina ikinipiga puani, huvuka barabara hata leo. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Nilikuwa darasa la nne, tukiishi Kilangala. Msimu ule korosho zilikubali, baba akanunua pikipiki iliyokwisha kutumika, makava yake ya plastiki yamepauka hata hujui yalikuwa rangi gani. Akanipakia mbele kwenye tangi, tukaenda Lindi kwa Mjomba Saidi, kaka yake mama, fundi wa kupuliza rangi. Mjomba akayapiga msasa makava, akayapuliza kijani cha jani la mhogo lililotoka kunyeshewa. Ikabaki vanishi ya juu, ile isiyo na rangi, ya kuikinga rangi na jua.

"Chagua wewe, mama," baba aliniambia. Aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Mjomba akanipa vipande viwili vya plastiki alivyovipaka. Cha kwanza kilimeta kama kioo. Nilipokikunja kikalia ka!, kikajaa nyufa. Hiyo ilikuwa vanishi ya makabati. Cha pili kiling'aa kwa upole; baba naye akakikunja, kikapinda na kurudi bila alama.

"Plastiki inacheza," Mjomba alisema, "inataka vanishi inayocheza nayo."

Nikachagua cha pili. Kilangala nzima ikasikia kwamba mimi ndiye niliyechagua.

Kumbe! Hata masika hayajaingia, makava yalishakuwa manjano na kubambuka magamba. Wenzangu shuleni wakaniita Fundi Magamba.

Tukaenda tena Lindi kumwona mama. Alikuwa na mimba yenye taabu, akikaa kwa Mjomba ili awe karibu na hospitali. Uani ilisimama pikipiki ya Mjomba mwenyewe, inang'aa kwa upole ule niliouchagua.

"Shikamoo, Mjomba. Mbona yako haibambuki?"

"Marahaba. Si ulitaka mwenyewe ile ya makabati? Umesahau?"

Nikamgeukia baba. Alikuwepo siku ile, alikikunja kile kipande kwa mikono yake. Nikamngoja aseme. Akatazama kandambili zake.

"Mtoto huyu," akasema taratibu, "alipenda kinachometa."

Mjomba akacheka. Mama akaniletea uji wa mchele, nikauacha ukapoa. Mjomba alikuwa ameniibia vanishi tu. Baba alinichukulia kitu ambacho sikukijua jina, na tangu siku ile sikumpelekea tena habari zangu za shule.

Nilikuja kuelewa nilipobeba mimba yangu ya kwanza. Mama alikuwa amelala chini ya paa la mtu yule, na baba hakuwa na mahali pengine mjini pa kumweka. Angegombana na Mjomba, mama angerudishwa kijijini na hali yake ile.

Namwelewa. Lakini siku ile tulirudi wawili tu, kichwa changu kimeegemea kifua chake mpaka Kilangala. Angeweza kuninong'oneza kwamba anajua sikukosea. Nilisikiliza njia nzima.