Limau la Mlangoni kwa Baniani

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani, kule Uvira, Kongo, bibi alitukataza jambo moja: tusikanyage limau la Mhindi. Wahindi mtaani kwetu walikuwa wawili, maduka yao ukuta kwa ukuta, wote asili yao Gujarat. Bwana Jeta alikuwa Baniani, wa dini ya Kihindu. Kila Jumamosi alitundika mlangoni uzi wa limau na pilipili kufukuza kijicho, la zamani akalitupa njiani. Bwana Karimu alikuwa Mwislamu, nyumbani kwake walisema Kikachi, lugha ya kwao, na hakutundika kitu. Tofauti hiyo hata mbuzi wa mtaa waliijua. Wakubwa wetu hawakutaka taabu ya kuijua.

Mdogo wangu Bahati akalikanyaga limau akicheza. Kesho yake homa ikampanda. Badala ya hospitali, bibi akatoa hukumu: "Mhindi amelisha jini lake." Akatoka na majirani, mawe mkononi. Kwa Bwana Jeta wakakuta pamefungwa. Basi wakavunja vioo vya Bwana Karimu.

"Mama, huyu hana limau," baba akamwambia.

"Mhindi ni Mhindi. Kaa kimya."

Mchana ule mtoto akakakamaa shingo. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na mtaa mzima ulikuwa na gari moja: la Bwana Karimu. Bibi huyohuyo akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nenda ukamwombe."

"Hata Baniani si yeye," baba akasema, naye akaenda.

Akakuta vioo chini na gari hakuna. Mwenyewe alikwisha pakia mke na watoto, akavuka mpaka kwenda Bujumbura kwa kutuogopa sisi. Baba akambeba Bahati mgongoni. Akamfia njiani.

Msibani bibi alizunguka akisema, "Niliwaambia. Limau linaua." Watu wakatikisa vichwa kukubali, midomo imejaa wali. Mpaka leo naikumbuka midomo ile.

Sasa niko Buffalo, Marekani, na uchafu ule umepanda ndege pamoja nasi. Juzi Mama Neema, Mkongo mwenzangu wa kanisani, alikataa kupanda gari la jirani yetu Mhindi wa ghorofa ya chini, ingawa wako zamu moja kiwandani.

"Wahindi wana majini, dada. Kule Columbus niliona duka lao limetundikwa limau mlangoni."

"Huyu wa chini ni Mkatoliki. Rozari yake huioni?" nikamwambia.

"Bon, haya, si wote ni Wahindi tu?"

Mimi nina darasa la sita tu. Siichukii imani ya mtu; kila taifa lina yake. Ninachokitema ni uvivu wa kutomjua jirani, halafu kumsingizia jini. Bahati aliuawa na uvivu huo, na waliomwua walilala usingizi mzuri.

Jirani akapiga honi. Mama Neema akasema atangoja basi. Nikaingia garini, nikafunga mlango, nikamwacha na theluji.