Siku Mbili Lisbon, Hali Shwari

Nilipelekwa Ulaya kwa sababu siongei. Hoteli ninayolinda, hapa West Bay jijini Doha, kila mwaka huchagua mfanyakazi bora, na zawadi yake ni kwenda kulala siku mbili kwenye hoteli nyingine ya kampuni hiyohiyo, nchi za mbali. Meneja mkuu alitangaza kwamba nimefanya kazi miaka mitatu bila kukosa zamu na bila kugombana na mgeni hata mmoja. Ni kweli. Kugombana kunataka maneno.

Safari yenyewe haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba anayerudi lazima asimame kwenye mkutano wa wafanyakazi wote aeleze alichokiona, dakika tano. Aliyenitangulia, dada mmoja wa mgahawani kutoka Ufilipino, alileta picha na akaigiza alivyopanda punda. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi mara ya mwisho kusimama mbele za watu nilikuwa darasa la sita, nikitakiwa kusoma habari za asubuhi mstarini. Nilisoma tarehe, nikarudi kwenye nafasi yangu.

Nikamwendea mkuu wa walinzi, Mganda aliyewahi kuwa askari, ambaye sote tunamwita afande. Nikamwambia ningependa kumwachia mwingine.

"Kijana," akasema, "tangu uje hapa, umewahi kusikia security wamepewa kitu?"

"Hapana, afande."

"Mapokezi wamepewa. Jikoni wamepewa. Mpaka yule wa kupanga maua amepewa. Sisi wanatuona kama sehemu ya mlango. Utaenda, utarudi, utaongea. Na usituaibishe."

"Ndiyo, afande."

Chumbani kwetu Al Wakrah nalala na mzee mmoja Mkenya. Yeye analinda lango la nyuma, malori ya mboga na samaki yanakoshushia. Kazini kwetu mlinzi hakai. Sheria inasema mlinzi aliyekaa ni mlinzi anayelala. Kwa hiyo mzee husimama zamu nzima juu ya saruji, na akirudi hulala chali, miguu ameiegemeza ukutani, alama za soksi zimezama kwenye nyama kama alama za kamba.

"Wee Mbongo," akaniambia kutoka chini ya miguu yake, "unaenda Ulaya na sura ya mtu anapelekwa kotini."

"Ni ile hotuba, mzee."

"Hotuba ni kitu gani? Simama, sema uongo kidogo, keti. Nyinyi wa Bongo hata kuogopa mnaogopa kwa heshima." Akabadilisha miguu. "Enda kwanza pale Pearl ufanye mazoezi. Kuna mifereji na vidaraja kama vya Ulaya. Jifunze kutembea kama mtalii."

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Pearl, kisiwa cha matajiri. Nilitembea juu ya kidaraja, nikasimama katikati, nikatazama maji. Mlinzi wa pale, kijana wa Nepal, akanisogelea akaniuliza niko kampuni gani. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni mlinzi. Akanionyesha viatu vyangu. Vilikuwa vya kazi, sina vingine vyeusi. Tukasimama pamoja kidogo, kisha nikarudi nyumbani. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi.

Nilipangiwa Lisbon, mji mkuu wa Wareno. Ni mji pekee wa Ulaya niliokuwa nikijua habari zake, kwa sababu mimi natoka Kilwa, na kitabu cha historia shuleni kilieleza kwamba Wareno walikuja na merikebu zao wakaiteka. Nilijaza fomu za viza kwa siku nne. Ninaandika polepole. Waliuliza nitalala wapi, nitakula nini, nitarudi lini, na nani atathibitisha kwamba nitarudi. Kitabu cha historia hakikusema kama Wareno nao walijaza chochote.

Nilifika asubuhi. Hoteli ilikuwa kwenye mteremko, nyumba imekaa kama inataka kuteleza iende mtoni. Mlinzi wa mlangoni akanifungulia. Na mimi, kwa mazoea, nikamshikia mlango. Tukasimama wote wawili tumeushika mlango, hakuna anayeingia. Mwishowe akapita mama mmoja na mbwa wake, akatushukuru wote.

Niliporudi kutoka matembezi ya kwanza nilifanya kosa. Miguu yangu ilizunguka yenyewe mpaka nyuma ya jengo, kwenye lango la mizigo, kwa sababu hapa Doha wafanyakazi hatupiti mlango wa mbele. Nikapita kati ya makreti ya nyanya. Mlinzi wa lango akanizuia, akataka kitambulisho. Nikamwonyesha cha Doha. Kina nembo ileile. Akakitazama pande zote mbili, akanipisha, nikapita jikoni, nikapanda lifti ya mashuka mpaka ghorofa yangu. Ndani ya lifti nilikumbuka kwamba mimi ni mgeni. Sikurudi chini kusahihisha.

Kila nilikokwenda nilikuwa nikiwaza dakika tano. Nilijaribu kutazama mambo yanayoelezeka, lakini macho yangu yalitazama yalivyozoea. Mtu akinionyesha kanisa la kale, mimi nahesabu milango. Kwenye benchi mbele ya kanisa moja kubwa nikatoa kijidaftari changu cha mfukoni na kuanza kuandika, na kilichotoka kikawa kile ninachoandika kila siku kazini kwenye daftari la matukio: saa kwa tarakimu nne, jambo lililotokea, na mwisho hali ilivyo. Sijui kuandika namna nyingine.

0910. Kanisa. Milango mitatu, unatumika mmoja. Wameingia watu 42, wametoka 40. Wawili wamebaki, huenda wanasali. Hali shwari.

1130. Tramu ya njano, imejaa. 1142. Tramu ya njano, imejaa. Nimepanda mlima kwa miguu.

1305. Ngome juu ya mlima. Mizinga yote imeelekezwa mtoni. Hakuna dalili ya adui.

Pale ngomeni nilikaa muda. Kwetu Kilwa watalii huja na kofia zao kutazama kuta zilizoanguka, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiwashangaa, kwamba mtu ametoka mbali kuja kuona nyumba mbovu. Sasa mtalii ni mimi, na kuta hazijaanguka. Nilizigonga kidogo kwa ngumi. Ni nzuri.

Chakula nilinunua kwenye duka moja tu siku zote mbili, kwa sababu vitu vilikuwa kwenye kabati la kioo na uliweza kuonyesha kwa kidole. Samaki, mkate, na vikeki vya mayai vilivyoungua juu. Kuungua kule ni makusudi. Nilikuwa nimekwisha kumsikitikia mpishi.

Siku ya pili, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, niliingia katika jumba dogo la makumbusho. Nilikuwa mapema, kwa hiyo nilisimama kando ya mlango nikisubiri wafungue, mikono nyuma, kama ninavyosimama siku zote. Wakaja mume na mke wa makamo. Mke akafungua mkoba wake akaniinamishia niuchungulie. Nikauchungulia. Kulikuwa na mwavuli, chupa ya maji na soksi. Nikasema ahsante. Mume naye akafungua wake.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha ramani. Katika kona alikaa mlinzi, mwanamke mtu mzima mwenye nywele nyeupe na funguo kiunoni. Alikaa kwenye kiti. Nilitazama vyumba nilivyotoka: kila chumba mlinzi, kila mlinzi kiti. Kiti cha mbao, chenye mgongo na mto mdogo. Wala hakuna aliyekuwa amelala.

Nikasogea kwenye ramani kubwa iliyo ndani ya kioo. Ilikuwa pwani yetu, imechorwa na Wareno wa zamani. Nikaifuata kwa macho kutoka juu kushuka, na nikaikuta Kilwa. Wameichora minara mitatu na mti. Mti ule siujui. Nilisimama pale sana, mpaka yule mama akaona lazima aniangalie.

Lakini kila akiniangalia alikuwa anaangalia na saa, kisha mlango. Saa, mlango. Mlinzi yeyote anaijua sura ile. Wa kumpokea amechelewa, na huwezi kuacha lindo bila kupokewa, na una haja.

Akaja kwangu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kama changu.

"Wewe mlinzi?"

"Ndiyo. Doha."

"Nimeona viatu," akasema. Kisha akaonyesha upande wa choo, akainua vidole vitano. "Dakika tano. Tafadhali."

Akanionyesha kiti.

Nikakaa. Kwanza nilikaa ukingoni, kama mtu anayetegemea kufukuzwa. Kisha mgongo wangu ukaupata mgongo wa kiti. Nikaweka mikono juu ya magoti. Nikatazama mlango mmoja, dirisha moja, kizima moto kimoja, na ramani. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege nilijua ninachopaswa kufanya.

Aliporudi nilisimama, nikampa ripoti kwa Kiingereza cha kazini: hali shwari, hakuna la kuripoti. Akanipigia saluti. Alikuwa na kicheko usoni, lakini saluti ilikuwa ya sawasawa.

Mkutano ulifanyika wiki iliyofuata, katika ukumbi ambao watu wa Doha hufanyia harusi. Wafanyakazi wote walikuwepo. Walinzi walikaa safu ya nyuma, afande mwisho kabisa, mkono juu ya goti kama anasubiri risasi. Mzee Mkenya alikuwa ameomba dakika ishirini lango la nyuma lishikwe na mtu mwingine. Alikuwa amevua kiatu kimoja.

Nikaitwa. Nikapanda. Sikuwa na picha za kuonyesha, nilipiga mbili tu na moja ni ya kizima moto. Nikatazama watu, na lile neno la kwanza nililokariri ndani ya ndege likatoweka, na la pili likalifuata. Nikasikia kiyoyozi. Nikamwona afande amefumba macho. Nikajua kwamba hivi ndivyo tutakavyoaibika, kimyakimya.

Nikatoa kijidaftari, kwa sababu kilikuwa mfukoni, nikasoma.

Nilisoma kwa Kiingereza cha daftari la matukio, ambacho kina maneno kama mia moja hivi. 0910, kanisa. Nilipofika kwa wale wawili waliobaki ndani, mtu wa jikoni akacheka. Kwenye tramu ya pili walicheka wengi. Sikuelewa wanacheka nini, tramu zilikuwa zimejaa kweli. Nikaendelea kusoma kwa kasi ileile, kwa kuwa sina nyingine. Nikafika siku ya pili.

1118. Nimekabidhiwa chumba cha ramani. Ndani ya chumba ipo Kilwa, nyumbani kwetu. 1121. Wareno watatu wameingia. Wametazama Kilwa. Hawakugusa. Wametoka. 1123. Nimekabidhi chumba. Kilwa iko salama. Hali shwari.

Hapo hawakucheka wote. Wa Afrika Mashariki walipiga kelele, wengine wakauliza jirani zao. Nikafunga kijidaftari. Zilikuwa dakika nne.

Meneja mkuu, ambaye ni mtu mpole, akachukua kipaza sauti akauliza swali moja ili dakika tano zitimie. Kati ya vyote nilivyoviona Lisbon, nilipenda nini zaidi?

Hilo sikuwa nimeliandika. Nikafikiri kanisa, ngome, vikeki. Nikatazama nyuma, nikaona soksi ya mzee.

"Kiti," nikasema.

"Kiti gani?"

"Cha mlinzi, sir. Kule mlinzi anacho kiti. Nilikaa. Nililinda vizuri tu."

Meneja mkuu akaitikia kwa kichwa polepole, akasema ahsante, watu wakapiga makofi, nikashuka.

Afande alinisubiri kwenye korido ya kufulia.

"Umesema kiti."

"Ndiyo, afande."

"Mbele ya meneja mkuu."

"Ndiyo, afande."

Akanisogelea. "Sasa mbona hukusema viti?"

Niliulizwa nilichopenda mimi, na nilikalia kimoja.

Kilikuja kimoja. Kililetwa wiki mbili baadaye kutoka ukumbi wa harusi, kiti cha rangi ya dhahabu kilichokuwa na mguu mmoja uliokwaruzwa, kikawekwa lango la nyuma, kwa sababu mlango wa mbele wageni hawapendi kuona mlinzi ameketi. Mlango wa mbele ndilo lindo langu. Bado nasimama.

Siku ya kwanza ya kiti hicho nilipita kule nyuma baada ya zamu. Malori mawili ya vitunguu yalikuwa yanangoja, na mzee alikuwa ameketi kwenye dhahabu, miguu ameinyoosha mbele, anamwonyesha dereva kwa kidole mahali pa kurudisha nyuma.

"Wee Mbongo," akaniita, "ningejua, ningekwambia uwaambie umependa pia kitanda."

Nikafungua daftari la lango kuweka saini ya kupita. Mzee kwa kawaida haandiki zaidi ya namba za malori. Siku ile alikuwa ameanza ukurasa mpya, kwa herufi kubwa:

0600. Nimepokea lango, funguo nne, tochi moja na kiti kimoja.

0601. Nimeketi. Hali shwari.