Kupoa Juu ya Barafu

Enzi zetu pale Deira, Dubai, barafu ilikuwa kitu cha kutia kwenye jagi la sharbati, basi. Kuteleza tuliteleza, tena sana, lakini kwa sabuni. Kila Alhamisi jioni mama alimwaga maji na sabuni ya unga uani, na kabla hajashika fagio, sisi watoto wa nyumba nzima tulishavua kandambili. Tuliteleza wawili wawili, mikono imeshikana, kutoka mlango wa jiko mpaka ukuta wa pili, nguo zimetota, harufu ya bokoboko imejaa uani. Baba akirudi kazini husimama mlangoni na kusema, "Mkivunja meno, mimi sinunui mengine." Wenzangu mliokulia majumba yale ya zamani mnanielewa.

Jaji alikuwa bibi yetu, mzaa mama, juu ya kiti chake cha plastiki na kikombe cha kahawa mkononi. Kanuni hakuwa nazo. Wiki hii alimpa ushindi aliyefika mbali, wiki ijayo akampa aliyeanguka kwa madaha. Tukipiga kelele, "Bibi, umependelea!" hakuona haya hata kidogo. "Nimependelea, ndiyo. Huyu ametoka kwenye homa. Haya, telezeni tena!" Tukateleza tena, tukagombana naye tena, mpaka adhana ya magharibi, na hakuna aliyelala na kinyongo.

Wanangu mapacha, Nasra na kaka yake Hilali, wakiona maji ya sabuni sakafuni wanazunguka mbali, soksi zisije zikachafuka. Lakini wape viatu vya chuma, waingize kwenye uwanja wa barafu ndani ya jumba la maduka! Nje jua la kukaangia yai, wao ndani wamevaa majaketi. Wanacheza dansi ya wawili barafuni, na wanaiweza. Tulipoambiwa kuna mashindano, na kwamba jozi itakayoshinda ndiyo itakayopelekwa kushindana nje ya nchi, Nasra hakuwa na mazungumzo mengine. Alilishusha sanduku kutoka juu ya kabati kabla hata ya siku yenyewe.

Siku ikafika, wakacheza.  Walikwenda na muziki bega kwa bega, mguu wa huyu ukiinuka na wa yule umeinuka. Wakafuata watoto wengine wawili, wazuri tu, ila mvulana alijikwaa akaanguka kitako, akainuka anacheka na kuwarushia watu busu. Uwanja mzima ukashangilia. Maksi zikatoka: wale wa kitako wa kwanza, wangu wa pili. Safari ikawa imekwenda na maji.

Nilidhani ubao umekosea. Nikakodoa macho, nikashtuka upya. Jaji mmoja aliwapa wanangu maksi za juu kuliko jozi zote. Aliyekaa ubavuni mwake akawapa za chini kuliko zote. Dansi ileile, watoto walewale! Mmoja wao alikuwa anatazama nini?

Nikamfuata kocha wao, kijana Mkenya mpole. Akanieleza kwamba dansi hii haina miruko mikubwa ya kuhesabu kama michezo mingine ya barafuni. Mengi ni vile jaji anavyoona, na yule wa maksi za chini ameona wanangu hawana uchangamfu, wamepoa.

"Wamepoa?" nikasema. "Si wako juu ya barafu!"

Hakucheka. Nami nikakumbuka kuwa jaji huyohuyo wa maksi za chini, mama mmoja, kwenye mashindano madogo ya mwezi uliopita, aliwasifu mbele yangu kwa dansi hiyohiyo. Alisema wana utulivu, hawana mbwembwe. Yaani utulivu wa mwezi uliopita leo umegeuka kupoa! Nikasema naenda kumuuliza. Kocha akanizuia.

"Madam, wachana nayo. Results zikitoka zimetoka. Khalas."

Lakini walionishtua kuliko wote ni wanangu wenyewe. Sisi tungepiga ukelele wa kusikika mpaka Bur Dubai.  Wao, ndani ya teksi, wakafungua video yao kwenye simu, wakairudia na kuirudia, wanatafuta pale walipopoa. "Ona hapa," Hilali akamwambia dada yake, "hukucheka." Nasra akairudisha video nyuma.

Sisemi bibi yangu alikuwa wa haki. Angekaa kwenye meza ile, angewapa vitukuu vyake ushindi kabla hawajafunga kamba za viatu. Lakini aliyekupendelea au kukunyima ulimjua, sababu ulitajiwa, na ulikuwa na ruhusa ya kubisha. Siku hizi upendeleo unakuja na nukta za desimali, na mtoto akikosa hana wa kugombana naye ila nafsi yake. Roho inaniuma kulisema hilo.

Jana asubuhi nilimkuta Nasra mbele ya kioo cha kabati. Anatabasamu, anaacha, anatabasamu tena, kama mtu anayejaribu swichi ya taa.

"Mama," akaniuliza bila kugeuka, "mimi nimepoa?"

"Hujapoa hata chembe, mwanangu. Nyinyi ndio mlikuwa wa kwanza."

Akanitazama kupitia kioo, kwa huruma kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa.

"Wewe mama yangu," akasema. "Maksi zako hazihesabiki."

Kisha akaendelea kutabasamu.