Mipira ya Usukani na Bibi Harusi Ndani ya Basi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata harufu yake: udi, biriani na mafuta ya stelingi. Nyumba ya mjomba wangu Athumani hapa Walthamstow ilijaa wanawake, vigelegele vinasikika mpaka mtaa wa pili, na mimi niko nje barabarani nimeinamia injini ya gari, kanga ya sherehe juu, suruali ya gereji chini.

Nakusimulia haya kwa ajili yako. Jana ulinipigia simu unalia. Kule kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi ulikataa kumnyanyua bibi mmoja kwa mashine, kwa sababu ulikuta mshipi wa kumbebea umefumuka uzi. Sasa meneja anataka Jumatatu uombe radhi mbele ya wenzako, la sivyo utafute kazi kwingine. Ukaniambia kwa Kiingereza chako kwamba hakuna aliyeumia, kwa hiyo huna la kujitetea. Vizuri umekuja. Kaa, kunywa chai, nisikilize mimi mama yako mkubwa. Hapo uliposimama nimewahi kusimama, na bibi harusi wa siku ile alikuwa Salma, mama yako mzazi.

Mjomba Athumani ndiye baba yake Salma, babu yako. Ndiye aliyenitoa Tanga nikiwa msichana, akanileta huku ughaibuni, akanipa chumba, akanilisha, na kwa hilo simsahau. Alikuwa na gari la Kijerumani la zamani, rangi ya maziwa, alilipenda kuliko usingizi. Kila harusi, kila maulidi, akifika tu anafungua boneti watu watazame injini inavyong'aa, naye kashika kiuno. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa Fundi Gurdev, Kalasinga wa Kisumu, mwenye gereji chini ya daraja la reli. Watu walinicheka, eti mtoto wa kike na spana! Nikawaacha wacheke.

Wiki ya harusi nikabadili mipira ya pawa stelingi ya gari la mjomba. Ni mipira inayopeleka mafuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye usukani na kuyarudisha, ndiyo inayofanya usukani mzito uwe mwepesi. Kuifunga si kazi ya nguvu, ni kazi ya adabu. Mpira una mstari mweupe ubavuni. Ukiona mstari umejizungusha, ujue umeusokota, fungua uanze upya. Unaupitisha mbali na ekzosi, bomba la kutolea moshi, maana bomba lile ni jehanamu, na mafuta yakilidondokea yanawaka kweli. Unaushika kwa vibanio vyenye raba ndani, usije ukasuguana na chuma. Lakini huubani mpaka ukakakamaa, kwa sababu injini ikinguruma hutikisika, na mpira lazima uwe na pa kuchezea. Halafu unazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, huku unachungulia kama kuna panapovutika. Fundi alizoea kusema mpira uliobanwa mno na mpira ulioachwa ovyo ni ndugu, wote watapasuka.

Nikaifunga hivyo. Mjomba alipokuja kuchukua gari akanuna.

"Mipira gani hii imejitandaza hapa kama utumbo wa mbuzi? Iteremshe huko nyuma, isionekane."

Nikamweleza habari ya ekzosi, pole pole, kwa heshima zote. Akasema, "Haya." Wewe uliyezaliwa huku huijui "haya" ya mtu mzima. Maana yake, ngoja uondoke.

Asubuhi ya harusi, kabla ya msafara wa kwenda ukumbini Ilford, moyo ukanituma nifungue boneti. La haula! Mjomba mwenyewe kafungua vibanio vyangu, kaishusha mipira yote chini, kaifunga kwa vikamba vya plastiki nyuma kabisa, imelala juu ya ekzosi. Ule mnene kaukunja mpaka umevunjika kiwiko. Injini inang'aa, wallahi, inang'aa kama sinia la mahari. Haukuwa umevuja hata tone. Lakini mpira uliokunjwa namna ile hata ungeurudisha mahali pake huuamini tena, na mpya siku ile nisingeupata. Nikachomoa ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kanga.

"Lete ufunguo, Zuhura," mjomba akasema. "Bibi harusi keshavaa."

"Sitoi, mjomba. Gari haliendi."

Nyimbo zikakatika. Mwanangu, kwetu mtoto hamwambii mtu mzima "sitoi". Anasema ndiyo, anainamisha kichwa, mengine anamwachia Mungu. Ndivyo tulivyolelewa, na wako waliozikwa kwa ndiyo hizo hizo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" mjomba akanguruma. "Nimekulea, nimekulisha, leo unaniadhiri mbele ya wakwe?"

Fundi Gurdev naye alikuwa kaalikwa, suti safi, kilemba cha rangi ya waridi. Akanivuta pembeni. Nikadhani atanitetea, kumbe!

"Zuhura, mpe mzee ufunguo wake," akaninong'oneza. "Ilford ni hapo tu. Kesho tutafungua, tutafunga vizuri."

"Fundi, wewe ndiye uliyenifundisha. Huo mpira unajua kwamba leo ni harusi?"

Akatazama viatu vyake, akarudi kusimama na wanaume. Simlaumu. Lakini ufunguo ukabaki kwenye kanga.

Ndipo mama yako akatoka mlangoni, shela kichwani, hina mpaka kwenye viwiko. Nilitegemea atanitukana, maana siku ile ilikuwa yake na mimi naiharibu. Kumbe akaniuliza:

"Dada Zuhura, wewe ungelipanda?"

"Nisingempandisha hata paka."

Akakusanya gauni lake mkononi. "Basi twendeni kituoni."

Loo, laiti ungeona! Shangazi wawili wakamshika shela nyuma, nyimbo zikaanza upya, tukakatisha sokoni wauza matunda wakitupigia makofi. Basi jekundu likasimama, dereva kapigwa na butwaa, bibi mmoja Mzungu akainuka kumpisha mama yako kiti. Tuliimba mpaka Ilford. Mjomba alikuja na basi la nyuma, kanzu, koti na kofia, amesimama njia nzima kashika bomba. Sikucheka mbele yake. Nilicheka nyumbani.

Harusi ilifana, lakini mimi nilikiona. Wiki ile ile nikaambiwa nihame. Watu wakanibandika jina, Zuhura wa Basi. Wakasema nimemwadhiri mtu aliyenilea kwa jambo ambalo halikutokea. Na hapo ndipo penye uchungu, mwanangu, hapo ndipo ulipo wewe leo. Mwenye kuzima moto husifiwa. Mwenye kuzuia usiwake huulizwa moshi uko wapi, na hana cha kuonyesha.

Nililia, sikufichi. Nilikuwa na hasira. Lakini kuomba radhi kwa hilo? Sikuomba. Idi ilipofika wazee wakanipeleka kwa mjomba tupatane. Nikambusu mkono, nikamwambia, "Mjomba, nakupenda, na ufunguo nisingeutoa hata leo." Wazee wakashika vichwa. Yeye akageuza uso ukutani.

Gari likalala chini ya turubai. Likalala mpaka mama yako alipojifungua, mpaka mtoto akaanza kuota meno. Siku moja namwona mjomba anaingia gereji, gari linavutwa nyuma yake. Hakunisalimu. Akamwambia Fundi, nami nimesimama pale pale na spana mkononi:

"Mwambie afunge mipira anavyojua yeye. Nataka kumpeleka mjukuu wangu kliniki."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kusema juu ya jambo lile. Nikafunga mipira mipya, nikazungusha usukani kulia na kushoto mpaka nikaridhika, nikampa ufunguo. Na mjukuu aliyepelekwa kliniki ni wewe, mama, ulikuwa umevaa kofia ya sufu ya manjano.

Basi nasaha yangu ni hii. Wakubwa waheshimu. Meneja wako mwamkie, usimpandishie sauti, wala usimseme vibaya nyuma yake. Lakini heshima ni salamu na upole, si kukubali mtu aangushwe ili mwingine asione aibu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyeushika ule mshipi kwa vidole vyake ni wewe, si yeye. Jifunge imara kwenye kazi yako kama mpira kwenye kibanio chake, ujiachie nafasi ya kutikisika wakikutikisa, na ukae mbali na moto wa watu wenye hasira. Na mtu akikwambia leo tu, kesho tutarekebisha, hapo hapo ndipo ukaze ufunguo kwenye pindo.

Jumatatu nenda umevaa vizuri. Waambie: nilikataa, na mshipi ukiwa vile vile nitakataa tena. Usiongeze neno. Wakikufukuza, chumba changu cha nyuma kipo, na sufuria yangu haijawahi kukosa cha kupika. Wakikuuliza ushahidi uko wapi, waambie yule bibi asubuhi hii amekunywa chai yake mwenyewe, kwa mkono wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akutie nguvu ulimini, akuepushe na ndiyo za uoga, na akulipe kwa kila baya ambalo halitamfika mtu kwa sababu ulisimama. Amina.