Kamene Anayechonga Bastola kwa Patasi na Kijiko cha Chai

Saa mbili na robo asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo moja la River Road, Kamene Musili anasugua bastola kwa mgongo wa kijiko cha chai.

Chini barabarani makanga wanaita abiria, mikokoteni inagombania njia, na mashine ya kuchapisha kadi za harusi imeshaanza kunguruma chumba cha pili. Yeye hasikii. Anasugua, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anaipuliza, anasugua tena. Kila kijiko kinapopita, weusi uliofifia unageuka kuwa chuma.

Kumbe si chuma, ni mjakaranda. Mti wenyewe uliangushwa na mvua ya Aprili huko Kileleshwa, ukapasuliwa kuni, na kipande kimoja kikaangukia mikononi mwa mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba. Mwandishi wa makala haya aliambiwa mapema kwamba ni mti mtupu. Aliposhikishwa, aliishika kwa ncha za vidole vilevile.

"Wacha kuogopa," Kamene anamwambia, akicheka. "Hiyo haiwezi kuua hata mende, labda umgonge nayo."

Lakini leo kicheko chake ni kifupi. Saa nne bastola hii inatakiwa Kileleshwa, kwenye nyumba ya ghorofa inakopigwa filamu ya mapigano. Kamera itaisogelea mpaka umbali wa kiganja cha mkono, na kuitazama kwa sekunde kumi na moja. Ikipita, Kamene atapewa kazi ya kutengeneza silaha zote za filamu hiyo, ishirini na sita. Isipopita, kazi itakwenda kwa watu wenye mashine ya kutoa bastola za plastiki, na moja yao tayari iko ndani ya gari la filamu, ikisubiri ajikwae.

Silaha ishirini na sita si kazi ya mikono miwili. Kwa hiyo Kamene amewaahidi wanawake wanne wa kwao Wamunyu, kaunti ya Machakos, kwamba akiipata atawaita Nairobi waje wachonge naye. Anayewaongoza ni mdogo wake wa tumbo moja, Syokau.

Anayepajua Wamunyu ataelewa uzito wa ahadi hiyo. Kwa miaka mingi kuchonga kumekuwa kazi ya wanaume. Mwanamke hupiga msasa, hupaka rangi, husuka kiondo. Kamene alishika patasi kwa sababu babake, marehemu mzee Musili, alijaliwa wasichana watano bila mvulana, na alikuwa mtu wa kufanya apendavyo.

"Baba alisema mti haujui kama aliyeushika ni mwanamke," anasimulia. "Alinifunza mimi peke yangu, halafu akafariki. Syokau hakufunzwa. Amepiga msasa vinyago vya watu miaka ishirini. Anajua mti kuniliko, haki ya nani! Lakini kwa banda la wachongaji akionekana, ni amepeleka chai."

Anaokota kijiko na kurudi kazini.

Hakuja Nairobi kuchonga bunduki. Alikuja kuchonga twiga. Twiga wa futi moja alimpatia shilingi mia tatu, na kodi ya chumba ni elfu nane, kwa hiyo msomaji afanye hesabu mwenyewe. Ugonjwa wa korona ulipowafukuza watalii, twiga wakajaa chini ya kitanda hadi akakosa pa kuweka viatu. Ndipo jirani mmoja, mpiga filamu za bei nafuu humo humo jengoni, akamwuliza kama anaweza kumchongea bastola tatu.

Zilivyopendeza, anasema, hata yeye alijipongeza. Alizipaka kiwi ya viatu, ile ile ambayo wachongaji wa kwao hupaka mti wa kawaida ili mtalii adhani ni mpingo. Hakuna Mkamba wa Wamunyu ambaye angepaka kitu kingine.

Wakaanza kupiga picha saa sita mchana, jua la utosini. Shujaa wa filamu akapangusa jasho. Jambazi akapangusa jasho. Polisi naye hakubaki nyuma. Kufikia mara ya tatu, jamani, wote walikuwa na masizi usoni kama watu waliotoka kufagia bomba la moshi, na mkubwa wa majambazi alikuwa na masharubu asiyoyajua.

"Watu walicheka mpaka wakakaa chini," Kamene anakumbuka. "Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikaa wiki nzima bila kushika patasi."

Aliyemtoa kwenye aibu ile hakujua anamtoa. Ni mzee Bhagwanji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa huo huo. Kamene alikwenda kununua kufuli, ikawa ngumu kufunguka, na mzee akaitia unga mweusi, ule ule ulio ndani ya penseli. "Mama, hii tia kidogo tu," alimwambia. "Kufuli nafunguka yenyewe." Kamene alipofika mlangoni akatazama kidole alichokuwa amegusia unga ule. Kilikuwa kinang'aa kama msumari mpya. Alirudi dukani akanunua kopo zima, na Bhagwanji akamwuliza ana milango mingapi.

Uzito nao una kisa chake. Mjakaranda ni mwepesi, na mtu akishika bastola nyepesi huitikisa ovyo. Kamene hajawahi kushika ya kweli maishani mwake. Basi akamwendea askari aliyekuwa akinywa chai kibandani, akamwuliza ina uzito gani. Yule bwana akamkazia macho kama mtu anayepanga wizi wa benki, kisha akasema, "Chukua kilo moja ya sukari, pika chai ya watu wawili. Ile inabaki, ndiyo hiyo."

Kamene akafanya hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hutoboa mpini na kujaza vichuma vizito ambavyo mafundi wa tairi hubandika kwenye rimu, mpaka mizani isome sawa na pakiti ile ya sukari. Moja humchukua siku tano, naye huiuza shilingi elfu nne na mia tano. Mwezi mzuri ni bastola tano. Mwezi mbaya ni sufuri.

Saa tatu gari la filamu linamfuata. Bastola inaingia kwenye kisanduku cha kufuli, pamoja na barua yenye mhuri wa kituo cha polisi inayoeleza kwamba ni mti. Bila barua hiyo hatoki nayo hata kwenye ngazi. Njia nzima, kupitia Hurlingham hadi Kileleshwa, amekipakata kisanduku magotini.

Kwenye nyumba ya ghorofa, jikoni ndiko kwenye kazi. Mwongozaji wa filamu, Charmi, msichana wa miaka thelathini na moja asiyependa maneno mengi, anampokea kwa heshima, akimwita kwa jina la mwanawe kama wanavyomwita wote hapa.

"Mama Ngui, karibu. Umelala?"

"Kidogo tu, mwanangu."

Bastola inawekwa mezani. Taa zinawashwa. Kamera inashuka, inasogea, inasogea tena, na kwenye runinga ndogo ya Charmi kitu kile kinajaa kioo kizima. Watu jikoni wanasogea nyuma yake kutazama. Ni ya zamani, ile yenye tumbo la mviringo lenye matundu sita, na kila mkwaruzo umechongwa mahali ambapo mkono wa mtu ungeuacha. Hata kutu ipo, karibu na skrubu. Skrubu yenyewe ni mti.

Kisha Charmi anainama karibu na kioo. "Mama Ngui," anasema polepole, "hapa ubavuni naona mti."

Ni kweli. Chini ya taa zile kali, mshipa mmoja wa mjakaranda, mwembamba kuliko uzi, unapita ubavuni. Mtu mmoja nyuma anauliza kama akalete ile ya plastiki. Charmi anatazama saa. "Dakika ishirini," anasema.

Kamene anakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, na kutandaza leso mapajani. Anachanganya gundi ya mbao na unga wa kufuli kwenye kifuniko cha soda. Anapaka kwa ncha ya ukucha, kwa kukata mshipa, siyo kwa kuufuata. Anaazima mashine ya kukausha nywele kwa anayewapaka waigizaji vipodozi. Kisha kijiko. Mikono yake imetulia kabisa, na mwandishi anakiri kwamba hajaona mtu akifanya kazi hivi, kwa haraka bila papara. Dakika ya kumi na nane anainuka na kuiweka mezani.

Anayeishika kwenye filamu ni Nzomo, mwigizaji wa miaka sitini na mitatu. Kabla ya kuigiza alikuwa polisi miaka thelathini, na wote humwita Afande. Asubuhi ameambiwa ni mti. Amemwona Kamene sakafuni na kijiko chake. Kinachotakiwa ni aiokote, aitazame, aiweke mbele ya mwanawe wa kwenye filamu.

Anaiokota.

Na hapo mkono wake unafanya jambo ambalo halimo kwenye maagizo. Mdomo wa bastola unaelekea chini, mbali na watu. Kidole cha shahada kinanyooka, hakigusi kifyatulio. Kidole gumba kinatafuta kitufe cha kufungulia tumbo la risasi, kinakipata, kinabonyeza. Afande anakunja uso. Anabonyeza tena.

"Imekwama hii," anasema.

Nzomo anainua macho, anaona jinsi watu wanavyomtazama, anaitazama bastola, na taratibu anaelewa. "Ngai!" anasema, na anaiweka mezani kwa mikono miwili. "Mama Ngui, nisamehe. Nilikuwa naangalia kama iko na risasi."

Charmi ameketi akitazama kioo chake, kwa sababu kamera ilikuwa inaendelea muda wote, na sekunde kumi na moja zilipita zamani bila mti kuonekana. Kisha anageuka. "Ile ya plastiki irudishwe ilikotoka. Mama Ngui, nataka zile zingine ishirini na tano. Utaweza?"

"Sitaweza mimi," Kamene anajibu. "Tutaweza."

Anatoka hadi kwenye ngazi na kupiga simu Wamunyu. Anaongea Kikamba, kwa sauti ya juu, bila kujali walinzi wala majirani. Anasema nauli ataituma leo. Anasema chumba kinatosha, watabanana. Anasema kazi hii ikiisha kuna nyingine, na pesa zikitosha atajenga banda huko huko nyumbani, wanawake wakae humo wachonge mchana kweupe.

Upande wa pili Syokau anauliza jambo moja tu. "Dada, mimi nitakuja kupiga msasa?"

"Utakuja kuchonga," Kamene anamwambia. "Msasa tutapiga sote."

Kimya kikawa kirefu, hadi Kamene akaiondoa simu sikioni na kuitazama, akidhani imekatika. Haikuwa imekatika. Syokau alikuwa analia.