Kijiko cha Kuonjea

Mwishoni mwa miaka ya tisini Ramadhani ilituangukia katikati ya kaskazi, wakati maembe ya Msambweni yanadondoka yenyewe na mananasi yanaletwa sokoni kwa mikokoteni. Nikifumba macho leo, kinachonijia kwanza ni zile alasiri: jua jeupe uani, kinywa kikavu, usingizi unaokunyemelea umekaa vivyo hivyo, na harufu ya iliki ikizunguka nyumba bila haraka. Aliyefunga hapiki kwa akili yote. Nusu yake iko jikoni, nusu sijui iko wapi.

Mwaka ule mavyaa wangu, mama yake mume wangu, alishikwa na kizunguzungu akaanguka uani. Daktari akampa vidonge vya mchana, akamkataza kufunga, akasisitiza ale vizuri. Fidia yake tukaipeleka kwa maskini, kama sheria inavyotaka. Vidonge alivimeza. Chakula hakukigusa mpaka magharibi.

"Saumu imenitoka, sawa," alisema. "Na haya nazo zinitoke? Nikae nitafune, watoto wangu mna njaa?"

Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini, hotelini Diani, anamsihi mpaka anachoka. Bibi wa watu akazidi kukonda. Niliogopa, nasema wazi, kwamba Idi ingetukuta matangani.

Futari yangu niliyoipenda ilikuwa matunda ya kuchemsha: embe iliyoiva lakini bado imeshika, nanasi, sukari, iliki, karafuu chache, ndimu mwishoni. Moto mdogo, mpaka maji yashike rojo na vipande vibaki vizima. Siku moja usingizi ulinipitia mbele ya jiko, na nilipozinduka sikukumbuka kama nilitia sukari. Mpishi aliyefunga huruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, lakini mimi nilijijua ulafi wangu, sikuthubutu. Nikatia kidogo bakulini, nikamwendea mavyaa chumbani kwake.

"Mama, wewe huna saumu. Hebu nionjee, nisije nikaaibika magharibi."

Akatazama mlango, akaonja.

"Hujatia sukari hata punje, mwanangu. Kwenu mlikuwa mkipikia dua?"

Nikaenda nikatia, nikarudi. Akaonja tena, akasema bado kidogo. Nilipokwenda kulichukua bakuli, lilikuwa tupu.

Basi tangu siku ile nikawa mpishi mbaya kuliko wote pwani nzima. Kesho yake ndimu ilizidi. Keshokutwa iliki haikusikika. Kula mchana alikataa, lakini kuonja ilikuwa kazi, na mwanamke yule hakuwahi kuikataa kazi ya nyumba yake. Nikawa navikata vipande vikubwa zaidi. Nikamwonjesha na muhogo wa nazi, na kunde, na uji. Haba na haba hujaza kibaba. Mashavu yakaanza kurudi.

Majirani nao wakapata la kusema: mkaza mwana wa nyumba ile hajui sukari wala chumvi, kila siku mbio na bakuli kwa mavyaa wake! Nilikereka sana, maana kwetu nilikuwa nikisifiwa kwa mkono wangu. Nikaenda tu kuharibu sufuria nyingine.

Asubuhi ya Idi niliinjika matunda nikiwa huru kuonja mwenyewe. Nikaonja. Yalikuwa sawasawa, hayakutaka kuongezwa kitu. Hata hivyo miguu ilishazoea, nikampelekea bakuli. Nilimkuta amevaa kanga mpya ambazo bado zinanukia duka, amekaa wima kitandani.

"Idi njema, Mama. Hebu nionjee."

Akalipokea bakuli, akaliweka mapajani. Akachota kijiko kimoja kilichojaa, akakinyanyua, akakileta mpaka kinywani mwangu.

"Leo kula wewe, mwanangu," alisema. "Mimi umenilisha mwezi mzima."