Mashine Iliandika Jina Langu

Patron wetu, bosi wa ofisi yetu ya Butembo, alikataa kumfungulia kila mtu akaunti ya ile akili bandia inayotusaidia kuandika programu. "Sisi ni famille moja," alisema, na wote wakawa wanaingia kwa akaunti yangu. Kisha akaweka programu ya kurekodi kila akili bandia hiyo inachoagizwa, pamoja na jina la mwenye akaunti. Siku mtu alipoiagiza ifute faili za mteja, rekodi ilitaja jina langu. Nami siku ile nilikuwa Mavivi, nikimpokea shangazi kwenye uwanja wa ndege!

"Mashini haidanganyake!" Patron alinifokea mbele ya wote.

Nikabadilisha mot de passe, nywila ya akaunti yangu, palepale.

Kesho yake alinisubiri mlangoni, amekunja uso: "Donc, sisi hapana famille tena? Tupatie mot de passe mupya, batu batumike kazi."